Sura ya Tano: Warithi wa Baa ya Hollywood

Baa ya maudhui ni baa ambayo mapambo yake, muziki wake, vyombo vyake, mavazi ya wahudumu wake na orodha ya vinywaji vyake hufuata wazo moja lililokusudiwa tangu mwanzo, na mara nyingi wazo hilo huazimwa kutoka baa nyingine ya zamani iliyokwisha kujipatia sifa. Biashara yake kuu huwa ni kokteli, yaani kinywaji cha kuchanganya ambamo pombe kali hutiwa pamoja na maji ya matunda, shira na viungo kwa vipimo maalumu. Anayefungua baa ya namna hiyo hukabiliwa na swali ambalo wauzaji wa bia hawalijui: katika ile baa ya zamani anayoienzi, ni kitu gani hasa kinachorithika? Jengo huvunjwa, mwanzilishi hufa, jina huuzwa, na kinywaji chenyewe hunywewa kikaisha.

Sura hii inalijibu swali hilo kwa kufuata baa moja iliyoigwa kuliko karibu baa nyingine yoyote ya karne ya 20, yaani Don the Beachcomber ya Hollywood, pamoja na kizazi chake kilichoenea kutoka California hadi Florida, Havana, London na nchi za Ghuba. Historia yake inaonyesha kwamba walioiga kwa macho waliondoka na mapambo, na kwamba kinywaji kilifuata njia nyingine kabisa, ile ya wafanyakazi waliokichanganya, ambao majina yao hayakuandikwa mlangoni.

Kisiwa kisichokuwepo

Marekani ilipiga marufuku utengenezaji, usafirishaji na uuzaji wa vileo kuanzia tarehe 17 Januari 1920, na marufuku hiyo ikadumu hadi tarehe 5 Desemba 1933, ilipofutwa kwa badiliko la 21 la katiba. Muda mfupi baadaye, Ernest Raymond Beaumont Gantt, aliyezaliwa mwaka 1907 na aliyekuwa amezunguka visiwa vya Karibi na Pasifiki ya Kusini, alikodi chumba kidogo katika mtaa wa McCadden Place, Hollywood, akakipamba kwa mianzi, mikeka, nyavu za wavuvi na mabaki ya vyombo vya baharini. Baa hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Don the Beachcomber, yaani Don mzururaji wa ufukweni, mtu anayeishi kwa kuokota vinavyotupwa na mawimbi, na mwenyewe baadaye akabadilisha jina lake kisheria akaitwa Donn Beach, hivyo kwamba mtu ndiye aliyefuata jina la baa.

Kuchagua ramu kulitokana na hesabu zaidi kuliko ndoto za visiwani. Wiski nzuri huhitaji kulazwa kwenye mapipa kwa miaka, ilhali sehemu kubwa ya viwanda vya Marekani ilikuwa imefungwa kwa karibu miaka 14. Kwa upande mwingine, Jamaika, Cuba na Guiana ya Uingereza, ambayo leo ni Guyana, hazikuwahi kuacha kupika ramu, pombe kali inayotengenezwa kwa molasi au maji ya miwa, na maghala yao yalikuwa yamejaa ramu iliyokomaa ambayo mnunuzi aliipata kwa bei ya chini. Pamoja na ramu, Donn Beach alichukua kutoka Karibi kanuni ya zamani ya kuchanganya panchi, inayotaka sehemu moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali na nne za maji au barafu. Ubunifu wake ulikuwa kuipasua kila sehemu ya kanuni hiyo: mahali pa ramu moja aliweka mbili au tatu za nchi tofauti, mahali pa sukari aliweka asali na shira za viungo, na mahali pa ndimu peke yake aliongeza balungi, hadi mnywaji akawa hawezi kutambua kwa ulimi ni nini hasa alichokunywa.

Mandhari yalisaidia biashara kwa njia za moja kwa moja. Inasimuliwa mara nyingi kwamba paa la bati lilimwagiwa maji kwa mpira ili walioketi ndani wadhani mvua inanyesha nje, kwa sababu mteja anayedhani kuna mvua haondoki, na asiyeondoka huagiza glasi nyingine. Mwaka 1937 baa ilihamia upande wa pili wa mtaa, ikawa mkahawa mkubwa, na wateja mashuhuri wa sinema wakawekewa vijiti vyao binafsi vya kulia katika kabati la kuonyeshea. Vijiti hivyo vilikuwa na maana, kwani chakula kilichouzwa kilikuwa cha Kikantoni, kutoka kusini mwa China.

Ikiwa mapambo yalikuwa ya Polinesia, vinywaji vya Karibi, chakula cha Kichina na wateja wa Hollywood, basi hapakuwa na kisiwa chochote duniani ambacho baa hiyo ilikiwakilisha. Jambo hili ni la msingi kwa kila kinachofuata, kwa sababu baa ambayo warithi wake waliiona kuwa ya asili, na ambayo wengine walijitapa kuinakili kwa uaminifu, ilikuwa yenyewe ni baa ya maudhui iliyokusanywa kutoka pande nne za dunia.

Chupa zenye namba

Sheria ya Marekani, kama sheria za nchi nyingi, hulinda jina la biashara kwa alama iliyosajiliwa na hulinda maandishi kwa hakimiliki, lakini orodha tupu ya viambato na vipimo haipati ulinzi wa hakimiliki, na anayeijua yuko huru kuitumia. Kwa mwenye baa ambaye mtaji wake wote ni michanganyiko, ulinzi uliobaki ni siri. Donn Beach aliijenga siri hiyo ndani ya utaratibu wa kazi: vinywaji vingi vilitengenezwa chumba cha nyuma, mbali na macho ya wateja, na viambato muhimu vilifika mikononi mwa wachanganyaji vikiwa tayari vimechanganywa na kutiwa kwenye chupa zilizoandikwa majina ya fumbo, kama vile mchanganyiko wa Don au viungo namba 2 na namba 4. Mchanganyaji aliambiwa atie nusu aunsi ya mchanganyiko wa Don, naye alitia bila kujua ndani yake mna nini, na mshindani aliyemshawishi mfanyakazi huyo kuhama alipata vipimo visivyo na maana.

Mfano bora ni Zombie, kinywaji cha mwaka 1934 ambacho baa iliwauzia wateja kwa masharti kwamba hakuna anayepewa zaidi ya mbili. Sharti hilo lilikuwa tangazo zuri, lakini pia lilikuwa na msingi. Kwa kadiri kichocheo cha miaka hiyo kinavyojulikana leo, glasi moja ilikuwa na mililita 45 za ramu ya Jamaika, mililita 45 za ramu ya dhahabu ya Puerto Rico na mililita 30 za ramu ya Demerara kutoka Guiana yenye kileo cha asilimia 75.5, jumla ya mililita 120 za ramu. Juu yake zilitiwa mililita 22 za maji ya ndimu, mililita 15 za mchanganyiko wa Don, mililita 15 za falernamu, ambayo ni shira ya Barbados yenye ndimu, tangawizi, lozi na karafuu, kijiko kidogo cha shira ya komamanga, mchirizi wa Angostura, ambayo ni dawa chungu ya mitishamba ya Trinidad, na matone sita ya pombe ya Kifaransa yenye ladha ya anisi. Vyote vilisagwa pamoja na barafu kwenye mashine kwa sekunde zisizozidi tano, muda unaotosha kupoza bila kuuyeyusha mchanganyiko ukawa maji.

Matone sita ya anisi katika kinywaji chenye karibu mililita 180 za vitu vingine yanaweza kuonekana kama madoido, lakini ndiyo pamoja na Angostura yanayoifanya ladha ya Zombie isikamatike: anisi haisikiki yenyewe, bali huvuta mdalasini na karafuu mbele na kusukuma ukali wa ramu nyuma. Mtu aliyeonja na kukisia angeweza kupata ramu, ndimu na komamanga, na hayo ndiyo waliyoyapata waigaji wengi. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa jina la Zombie lilitumika duniani kote kwa vinywaji ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na kile cha Hollywood, zaidi ya kuwa vyekundu na vya kulevya.

Wachanganyaji kutoka Ufilipino

Waliosimama chumba cha nyuma walikuwa kwa sehemu kubwa Wafilipino. Ufilipino ilikuwa chini ya Marekani tangu mwaka 1898, na wenyeji wake, ingawa hawakuwa raia kamili, waliruhusiwa kuingia Marekani kwa uhuru hadi sheria ya mwaka 1934 ilipowawekea kikomo cha watu 50 kwa mwaka. Maelfu ya vijana walikuwa tayari wamefika California, ambako walivuna mboga na matunda, walipika, waliosha vyombo na kuhudumu mahotelini, kwa ujira mdogo na chini ya ubaguzi wa wazi. Kwa macho ya mteja wa Hollywood ambaye hakujali tofauti za mataifa, sura ya Mfilipino ilitosha kuwakilisha visiwa vya Pasifiki, na kwa hiyo mwajiri alipata katika mtu mmoja fundi na pambo.

Mmoja wao alikuwa Ray Buhen, aliyefanya kazi katika baa ya Donn Beach tangu miaka yake ya mwanzo. Baada ya kuzunguka katika baa nyingi za mji huo kwa zaidi ya robo karne, mwaka 1961 alifungua yake mwenyewe, Tiki-Ti, katika barabara ya Sunset Boulevard mjini Los Angeles, kibanda chenye viti 12 vya kaunta na meza chache, ambacho baada yake kiliendeshwa na mwanawe na kisha mjukuu wake. Ukubwa wake ulieleza falsafa yake. Hapakuwa na chumba cha nyuma, wala paa la kunyeshewa mvua ya mpira, wala mtaji wa kununulia vinyago vikubwa, ila palikuwa na mtu aliyevijua vinywaji vile kwa sababu alivitengeneza maelfu ya mara. Kati ya baa zote zilizodai kutokana na Don the Beachcomber, iliyofanana nayo kidogo zaidi kwa sura ndiyo iliyokuwa karibu nayo zaidi kwa ladha, na ndiyo iliyodumu kuliko ile ya asili.

Mwanafunzi wa Oakland

Njia nyingine ya urithi ilipitia kwa Victor Bergeron, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902 na kukatwa mguu utotoni kwa sababu ya kifua kikuu cha goti. Mwaka 1934 alifungua baa ndogo mjini Oakland iliyoitwa Hinky Dink's, yenye mapambo ya kiwindaji ya misitu ya kaskazini, kisha akasafiri kujifunza. Havana alikaa mbele ya kaunta ya El Floridita, baa iliyojivunia kuanzishwa mwaka 1817, akamtazama Constantino Ribalaigua, Mkatalunya aliyeimiliki tangu mwaka 1918 na aliyekuwa ameifanya daikiri, kokteli ya ramu, ndimu na sukari, kuwa sanaa ya barafu iliyosagwa. Los Angeles alikwenda kwa Donn Beach. Aliporudi Oakland aliondoa mapambo ya kaskazini, akaweka ya Pasifiki, na baa ikaitwa Trader Vic's, yaani Vic mfanyabiashara.

Bergeron hakuficha kwamba alijifunza kwa kutazama, lakini tofauti yake na waigaji wa kawaida ilikuwa kwamba alitazama mikono ya wachanganyaji, si kuta. Kutoka kwa Ribalaigua alichukua nidhamu ya kukamua ndimu papo hapo na kutotia kitu kinachoweza kuachwa, na ndiyo maana mwaka 1944, alipotengeneza kokteli yake maarufu ya Mai Tai, alikwenda kinyume cha Donn Beach: ramu moja tu ya Jamaika iliyokomaa miaka 17, maji ya ndimu moja, pombe tamu ya maganda ya machungwa, shira ya lozi na kiasi kidogo cha shira ya sukari, juu ya barafu iliyopondwa, pamoja na ganda la ndimu iliyokamuliwa na tawi la mnanaa. Vitu vyote vilikuwa huko kwa ajili ya kuitumikia ramu ile.

Hata hivyo, mwanafunzi alirudia kosa la mwalimu. Mwaka 1946 na 1947 Bergeron alichapisha vitabu vya mapishi na vinywaji, lakini Mai Tai hakuiweka humo. Mwaka 1953 kokteli hiyo ilipelekwa katika hoteli ya Royal Hawaiian mjini Honolulu, ikapendwa na watalii, na kwa kuwa mahoteli mengine yalikuwa na jina bila kipimo, kila mchanganyaji aliijaza kwa alichokuwa nacho. Visiwani Hawaii kilichokuwepo kwa wingi kilikuwa nanasi. Katika muda wa miongo miwili, Mai Tai iliyojulikana na watu wengi ikawa glasi ya juisi ya nanasi na chungwa yenye ramu nyeusi ikielea juu, ambayo mwenye mali asingeitambua.

Wakati huohuo jina la Trader Vic's lilisafiri kwa njia ya mikataba na mahoteli makubwa, hasa ya Hilton, ambapo kampuni ya hoteli ilitoa jengo na Bergeron akatoa jina, mapambo, orodha na mafunzo. Tawi la London lilifunguliwa chini ya hoteli ya Hilton ya Park Lane mwaka 1963 na likadumu hadi mwaka 2022, na baadaye matawi yalifika Dubai, Abu Dhabi, Bahrain na Doha, ambako kwa kawaida vileo huuzwa ndani ya mahoteli yenye leseni na kwa hiyo mfumo wa baa iliyokodiwa pamoja na hoteli uliingia bila taabu. Tawi lenye historia ya ajabu kuliko yote ni la Havana. Lilifunguliwa mwaka 1958 katika hoteli mpya ya Habana Hilton, umbali mfupi kutoka kwenye kaunta ambayo Bergeron aliwahi kuketi kama mwanafunzi. Mwaka uliofuata wanamapinduzi wa Fidel Castro waliifanya hoteli hiyo kuwa makao yao, baadaye ikaitwa Habana Libre, na mkahawa ukaendelea na vinyago vyake chini ya jina la Polinesio. Jina na mmiliki viliondoka, na mapambo yakabaki kuhudumia serikali ya kisoshalisti.

Mai-Kai, au urithi kwa ajira

Donn Beach mwenyewe alipoteza baa yake kwa njia ya talaka. Mkewe wa kwanza, Sunny Sund, aliyekuwa na akili ya biashara kumzidi, ndiye aliyeisimamia na kuipanua, ikiwa ni pamoja na kufungua tawi la Chicago mwaka 1940, na walipoachana biashara ya bara ilibaki kwake. Baada ya kutumikia jeshi la anga katika Vita vya Pili vya Dunia, Donn alihamia Waikiki, kwani Hawaii haikuwa bado jimbo la Marekani na huko aliweza kulitumia jina lake mwenyewe. Hali hiyo iliacha jina la baa likiwa mahali pamoja, mwanzilishi mahali pengine, na wafanyakazi wakiwa huru kuajiriwa na yeyote.

Ndugu wawili wa Chicago, Bob na Jack Thornton, waliielewa fursa hiyo. Walikuwa wateja wa Don the Beachcomber ya mji wao, na walipoamua kujenga baa yao karibu na Fort Lauderdale, Florida, hawakuridhika na kuchora mapambo ya waliyemwiga: walimwajiri Mariano Licudine, Mfilipino aliyechanganya vinywaji katika baa ya Chicago, pamoja na mpishi na meneja kutoka hukohuko. Mai-Kai ilifungua milango tarehe 28 Desemba 1956. Orodha yake ilijaa vinywaji vilivyotokana na vile vya Donn Beach kwa majina mengine na marekebisho ya Licudine, vikitengenezwa katika vyumba vya nyuma visivyoonekana na wateja, sawasawa na utaratibu wa Hollywood.

Hata ile mvua ya kubuni ilipata makao. Katika sehemu ya Mai-Kai inayoitwa Molokai, iliyopambwa kwa mfano wa merikebu, maji huteremka nje ya vioo vya madirisha ili aliyeketi ndani aone mvua ya tropiki, huku nje jua la Florida likiwaka. Mteja wa sasa anayetazama maji hayo anatazama ujanja wa kibiashara wa miaka ya 1930 uliohamishwa kilomita zaidi ya 3,500 na kuwekewa pampu bora zaidi.

Mwaka 2014 jengo hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria ya Marekani, na kwa hiyo nakala ikapewa heshima ambayo baa ya asili ya Hollywood haikuipata kamwe. Mwaka 2020 bomba la mfumo wa kuzimia moto lilipasuka, paa la jikoni likaanguka, na Mai-Kai ikafungwa hadi mwishoni mwa mwaka 2024, ilipofunguliwa tena baada ya ukarabati mkubwa.

Kuporomoka, na daftari la mfukoni

Kufikia miaka ya 1970 mtindo wote ulikuwa umechakaa. Vijana waliokataa vita vya Vietnam hawakuvutiwa na ndoto za visiwani za wazazi wao, lakini vinywaji vyenyewe navyo vilikuwa vimeharibika, kwani mamia ya baa zilizochipuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na mianzi na vinyago bila vipimo. Ndimu ilibadilishwa na unga wa chupa, shira ya mdalasini ikasahauliwa, na wachanganyaji wazee waliozijua siri walistaafu au kufariki nazo. Siri iliyokusudiwa kuilinda baa ndiyo iliyoiua ladha yake, kwa sababu kitu kisichoandikwa kwa lugha inayosomeka hakina mrithi isipokuwa aliyekishika kwa mkono.

Aliyezuia kifo hicho ni Jeff Berry, mwandishi aliyetumia zaidi ya muongo mmoja kuwatafuta wahudumu wa zamani na kukusanya madaftari yao. Kichocheo cha Zombie alikipata katika daftari dogo la mfukoni la Dick Santiago, aliyekuwa mhudumu katika baa ya Hollywood tangu mwaka 1937, lakini ukurasa huo ulikuwa na kizuizi kilekile kilichowashinda washindani wa miaka ya 1930, yaani nusu aunsi ya mchanganyiko wa Don. Jibu lilitoka kwa watu wa zamani wa fani hiyo: sehemu mbili za maji ya balungi na moja ya shira ya mdalasini. Berry alikichapisha kichocheo hicho mwaka 2007, na tangu hapo mtu yeyote mwenye mizani na subira anaweza kuionja Zombie ya mwaka 1934.

Kizazi cha baa kilichofuata kilianzia kwenye karatasi hizo. Smuggler's Cove ilifunguliwa San Francisco mwaka 2009 na Martin Cate, ikiwa na maktaba kubwa ya ramu na orodha inayoanzia vinywaji vya Karibi vya enzi za ukoloni hadi vya Donn Beach na Bergeron. Mwaka 2013, mjini Chicago, ilifunguliwa Three Dots and a Dash, ambayo jina lake ni la kokteli ya Donn Beach ya wakati wa vita, nukta tatu na mstari vinavyosimamia herufi V ya ushindi katika alfabeti ya simu ya Morse, na mwaka uliofuata Berry mwenyewe alifungua Latitude 29 mjini New Orleans. Tofauti ya baa hizi na zile za miaka ya 1960 ni kwamba huchapisha vipimo vyao au hutaja walikovipata, na hazikupata hasara kwa kufanya hivyo, kwani wateja wanaoweza kuchanganya nyumbani vinywaji vyenye viambato tisa ni wachache, na wanaotaka kuchanganyiwa ni wengi.

Wasiokuwemo kwenye orodha

Linabaki deni ambalo madaftari hayawezi kulilipa. Tiki, jina ambalo mtindo huu wote umelibeba, ni la mchongo wa mababu na wa mtu wa kwanza katika imani za Wamaori na watu wengine wa Polinesia, na katika baa za Marekani liligeuzwa kikombe cha udongo ambacho mteja hunywea kwa mrija na wakati mwingine huondoka nacho mkobani. Hawaii, ambako mtindo huo uliuzwa kama ukarimu wa wenyeji, ilikuwa ufalme uliopinduliwa mwaka 1893 na kutwaliwa na Marekani mwaka 1898, na wapo wasomi na wachanganyaji vinywaji wenye asili ya Pasifiki wanaosema waziwazi kwamba ndoto ya kisiwa kisicho na historia ilikuwa njia nzuri ya kuisahau historia hiyo. Baadhi ya baa mpya zimeitikia kwa kuondoa sura za miungu na kubakiza ramu, barafu na viungo. Nyingine zimebakiza kila kitu kwa hoja kwamba wanachokienzi ni Hollywood ya mwaka 1934 na wala si Polinesia.

Hoja hiyo ya pili ina ukweli wake, lakini ina masharti. Baa inayosema inaienzi Don the Beachcomber inapaswa kuienzi kama ilivyokuwa, na jinsi ilivyokuwa ni kwamba ramu yake ilipikwa na Wajamaika na Waguyana, kanuni yake ilikuwa ya panchi ya Karibi, jiko lake lilikuwa la Kikantoni, na glasi yake ilijazwa na Mfilipino aliyekatazwa kujua kilichomo kwenye chupa. Kuwataja Buhen, Licudine na Santiago pamoja na Donn Beach ni usahihi wa kihistoria, kwa kuwa bila wao hakuna kichocheo kimoja cha baa hiyo ambacho kingefika karne ya 21. Kwa hiyo mtu anayetaka kupima kama baa ya maudhui imerithi kitu au imeazima mapambo tu, na aanze kwa kuuliza kilichomo ndani ya glasi, kilipimwa na nani, na huyo alifundishwa na nani. Baa yenye majibu ya maswali hayo inaweza kupoteza paa lake, kama ilivyotokea Florida, na bado ikawa na kitu cha kufungulia milango tena.